Mfuko wa Ndimu

Joho la kwanza nililishona kwa pazia.
Hoteli ya Mtaliano ilikuwa imefungwa, vyombo vinanadiwa uani,
na Famau Shebwana akarudi na pazia jekundu la mahameli,
lina alama ya pasi kwenye upindo,
akalibwaga juu ya cherehani yangu:
"Fundi, nifanye sultani."
Una pesa? Akacheka.
Deni hilo lina miaka kumi na tisa.

Kifua thelathini na nane. Kiuno ishirini na tisa.
Mikono mirefu kama ya mtu anayedai urithi.
"Na ndani, upande wa moyo, niwekee kifuko."
Nikadhani hirizi. Sikuuliza.
Fundi hushona, hapekui.

Alikwenda ukumbini juu ya mkokoteni,
kakaa kwenye kochi la kukodi, vijana wanne wanasukuma,
halud mpaka kwenye glavu.
Barani nzima ilikuwa vibarazani,
na waliotoka isha wakijifanya hawatazami.
Chengo, mchinjaji wa Mariakani, alikuwa keshapanda ulingoni.
Famau akamvisha koja la asumini kama bwana harusi,
akamshika kidevu, akawageukia watu:

*Mimi tausi Barani, sichokori jalalani,
nikitua ulingoni, kuku hukimbia ndani.
Raundi tatu yakini, ya nne hatuioni,
akalale kwa mamaye, na mimi nikale wali.*

Ya tatu, Chengo chini.
Famau akalikunja joho langu, akamtilia kichwani kama mto.
"Bonanote, belo."
Mji mzima ukajua Kitaliano usiku ule.

Yakaja majoho mengine.
La kijani, la shanga mia nne. La chui,
mabaka nimeyachora mwenyewe kwa wino
kwa kuwa kitambaa chenyewe kilitushinda bei.
Mkanda wa Pwani. Mkanda wa taifa, uzani mwepesi.
Aliwaambia waandishi uso wake umekatiwa bima.
Bima! Mtu hana hata kadi ya hospitali.
Akiitwa mara ya kwanza, hatoki.
Mara ya pili, hatoki.
Watu wanaanza kuzomea, na zomeo lenyewe
linageuka kuwa jina lake.

Siku moja nilipeleka joho nyuma, uzi bado unaning'inia,
nikamkuta kapiga magoti mbele ya ndoo, anatapika.
Akatia vidole kwenye kile kifuko,
akatoa ndimu, akaling'ata ganda,
akainusa, macho kafumba.
"Kila pambano?"
"Kila pambano. Ukisema, fundi, nitakushona mdomo."
Akajipangusa. Akasimama.
Nje wakamwita mara ya tatu.

Aliyemshinda alikuja na taulo.
Jilo Buya, mpakia chumvi wa Gongoni, mtu asiye na maneno.
Alivishwa koja, akalinusa, akasema ahsante,
akalivua, akaliweka mahali pasipokanyagwa,
kisha akampiga raundi saba, taratibu,
kama mtu anayehesabiwa magunia.
Ya nane hatukuiona.

Jana kaja dukani. Tumbo limetangulia mlangoni.
Anataka joho: atatangaza mapambano ya watoto wa Muyeye,
na mtangazaji, asema, hawezi kuvaa kama karani.
Nikampima. Kiuno arubaini na nne.
Nikaandika bei, na chini yake lile deni.
Akaisoma karatasi yote,
akacheka kicheko kile kile cha pazia.

"Na kifuko, fundi."
"Cha nini? Si huchezi tena."
Akatazama barabarani. Vitoto viwili vilikuwa vinamwiga,
kimoja kimejitanda leso ya mamake mabegani,
kimekataa kutoka nyuma ya mlango mpaka kiitwe tena.
"Nani kakwambia?"